Cairati: Fundi wa Ngomeni Ambaye Jina Lake Halimo Ukutani

Mgeni aingiapo Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo wenyeji wa Mvita huiita Ngomeni tu, hakosi kuonyeshwa buruji nne, yaani zile pembe nne za ukuta zilizotokeza nje kama mabega ya mtu. Kila buruji ina jina lake. Majina hayo ni ya watakatifu wa Kikristo, lakini yalichaguliwa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa majina ya wakubwa wanne wa zamani hizo. San Felipe ni kwa heshima ya Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa amevaa pia taji la Ureno. San Alberto ni kwa ajili ya Alberto, aliyeitawala Ureno kwa niaba ya mfalme huyo. San Matias yamkumbusha Matias de Albuquerque, mwakilishi wa mfalme katika India. San Mateus ni ya Mateus Mendes de Vasconcelos, kapteni wa Wareno katika mwambao wetu.

Wakubwa wanne, buruji nne. Lakini yuko mtu wa tano ambaye bila yeye hata moja ya hizo nne isingalisimama. Huyo ndiye aliyekaa na bikari na rula akachora ramani, akapima pembe, akaamua ukuta upite wapi na mzinga utazame wapi. Jina lake ni Giovanni Battista Cairati, na hakuna buruji wala lango lililoitwa kwa jina lake. Wengi wetu tumepita chini ya kuta zake tangu utotoni, tukienda kuogelea au kurudi kutoka sokoni, pasipo kumjua. Makala haya yaeleza habari za maisha yake na kazi yake, na jambo moja ambalo hata fundi hodari kama yeye hakuweza kulimaliza katika kisiwa hiki, nalo ni maji.

KIJANA WA MJI WA MIFEREJI

Cairati alizaliwa Milan, mji wa Italia ya kaskazini, katika nusu ya kwanza ya karne ya 16. Milan haiko pwani. Hata hivyo ni mji uliolelewa na maji, maana tangu karne ya 12 watu wake walichimba mifereji mikubwa ya kuleta maji ya mito mpaka karibu na kuta za mji, wakayatumia kumwagilia mashamba, kuzungusha vinu na kupitisha mashua zilizobeba mawe. Leonardo da Vinci mwenyewe, ambaye wengi humjua kwa picha zake tu, aliishi Milan mwishoni mwa karne ya 15 na akashughulika na mambo ya mifereji hiyo. Mtu aliyejifunza uhandisi katika mji kama huo alijifunza mapema kwamba jengo bila maji ni gofu linalongoja siku yake.

Siku hizo uhandisi haukuwa na chuo kikuu wala mtihani wa bodi. Kijana alijifunza chini ya mafundi waliomtangulia, akashika kamba ya kupimia, akanakili ramani, akasimamia waashi, mpaka sifa zake zikamfikia mkubwa mmoja aliyetaka kujengewa. Cheti cha fundi kilikuwa ile kazi aliyokwisha kuifanya, na leseni yake ilikuwa barua ya mfalme.

Na Waitalia walikuwa wakitafutwa sana. Sababu ni mizinga. Katika mwaka 1494 jeshi la Ufaransa liliingia Italia na mizinga mipya ya shaba, na kuta ndefu nyembamba za zamani, ambazo kwa mamia ya miaka zilizuia mikuki na mishale, zikawa zaanguka kama kuta za udongo. Mafundi wa Italia wakaketi kufikiri upya. Waliacha kuta ndefu, wakajenga kuta fupi na nene, zilizojazwa kifusi ndani ili kumeza risasi. Waliacha minara ya duara, wakajenga buruji zenye pembe kali, kila moja ikiweza kupiga mizinga pembeni kuilinda jirani yake, pasibaki hata pahali padogo ambapo adui angeweza kujificha chini ya ukuta. Ikawa hesabu tupu. Na kila mfalme wa Ulaya akataka Mwitalia ajuaye hesabu hiyo.

Milan ilikuwa chini ya Uhispania, kwa hiyo Cairati alikuwa raia wa Mfalme Felipe. Mwaka 1580 mfalme huyo alirithi pia Ureno, na pamoja na Ureno akapata ngome na bandari zake zote kutoka Sofala mpaka Malaka. Nyingi kati yake zilikuwa zimechakaa au zimejengwa kwa mtindo wa zamani. Katika mwaka 1583 Cairati alitumwa India kuwa mhandisi mkuu wa dola ya Wareno upande huu wa dunia. Wareno wakalibadili jina lake kwa lugha yao, akawa João Baptista Cairato.

MTU MMOJA, BAHARI NZIMA

Hebu msomaji afikirie ukubwa wa kazi aliyopewa. Makao yake yalikuwa Goa, pwani ya magharibi ya India. Upande wa mashariki ngome zake zilifika Malaka, karibu na Sumatra. Upande wa kaskazini zilikuwa Hormuz na Muscat, mlangoni mwa Ghuba. Karibu naye zilikuwa Daman na Bassein. Na upande wetu wa magharibi ulikuwako mwambao wa Waswahili. Hakukuwa na njia ya kusafiri ila merikebu, wala merikebu hazikwenda ila kwa pepo za msimu. Aliyekosa kaskazi ya mwaka huu alingoja ya mwaka ujao. Mhandisi mkuu wa namna hiyo maisha yake huishia katika kungoja upepo, kungoja barua na kungoja fedha.

Huyu hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja akajenga nyumba moja nzuri. Kazi yake ilikuwa kuutazama mwamba, kuuliza adui atatokea wapi, kuuliza maji yako wapi, kisha kuchora. Mafundi wengine ndio waliobaki na mchoro kusimamia ujenzi. Kwa miaka kumi na mitatu hivi aliyafanya hayo, na kati ya yote aliyoyachora, kazi inayotajwa zaidi leo na iliyobaki nzima zaidi ni ile ya Mombasa.

KWA NINI MOMBASA?

Mombasa haikuwa rafiki wa Wareno. Tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mvita ilikuwa imewakataa, ilhali Malindi iliwapokea. Kwa sababu hiyo Francisco de Almeida aliuteka na kuuchoma mji mwaka 1505, na Nuno da Cunha akauchoma tena baada ya kuuteka mwaka 1528. Kila mara watu walirudi, wakajenga upya, wakaendelea na biashara yao kama kwamba Wareno ni mvua ya masika, hunyesha ikapita.

Kisha akaja Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, ambaye mwaka 1581 alikuwa ameuteka mji wa Muscat kutoka mikononi mwa Wareno na kuupora. Miaka michache baadaye akashuka mwambao wa Afrika Mashariki. Miji mingi ilimfurahia, na Mombasa ilimpokea kwa mikono miwili. Alipokuja mara ya pili, mwishoni mwa 1588, alijiimarisha kisiwani. Mapema katika mwaka 1589 merikebu kutoka Goa zikiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho zikamfuata. Wakati huo huo, upande wa bara, Wazimba waliokuwa wakitoka kusini walikuwa wamefika ng'ambo ya kivuko. Mombasa ikabanwa katikati. Ali Bey akakamatwa, mji ukaharibiwa. Muda mfupi baadaye Wasegeju waliokuwa upande wa Malindi wakawavunja Wazimba, kisha wakaichukua Mombasa yenyewe, na mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno, akahamishia kiti chake Mvita.

Wareno wakaona sasa wakati umefika. Badala ya kuuchoma mji na kuondoka, wangekaa. Wangeweka ngome kwenye mlango wa bandari, ili merikebu ya Kituruki isiingie tena na wenye mji wasinyanyue kichwa tena. Tarehe 11 Aprili 1593 Mateus Mendes de Vasconcelos aliiweka wakfu ngome mpya, ikaitwa Yesu wa Mombasa. Ramani ilikuwa ya Cairati.

Jambo hili halifai kufichwa kwa ajili ya kumsifu fundi. Ngome hiyo haikujengwa kuwalinda watu wa Mvita. Ilijengwa kuwatawala. Hesabu nzuri ya Cairati ilikuwa hesabu ya kuwabana babu zetu, na mizinga yake iliutazama mji kama ilivyoitazama bahari.

MWILI WA MTU KATIKA MWAMBA

Mafundi wa Italia wa zama zile waliamini kwamba uwiano ulio bora kuliko wote ni ule wa mwili wa binadamu, na kwamba jengo likifuata uwiano huo litakuwa na nguvu na uzuri pamoja. Mtu akiitazama ramani ya Ngomeni kutoka juu ataona kitu kama mtu aliyelala chali, mwenye kichwa, mikono na miguu. Buruji za San Felipe na San Alberto ziko upande wa nchi kavu, ambako shambulio la askari wa miguu lilitazamiwa, na kila moja ina pembe iliyokatwa kwa ndani kuitazama mwenziwe, ili mizinga ya hii ifagie mbele ya ile. San Matias na San Mateus ziko upande wa pili. Katikati yao ukuta umetokeza kuelekea baharini, uso kwa uso na merikebu ziingiazo. Lango kuu limewekwa ubavuni mwa San Matias, mahali ambapo mwenye kuja na shari hawezi kulifikia pasipo kuonekana.

Cairati hakuwa na haja ya kuleta mawe kutoka mbali. Alikuwa na mwamba wa matumbawe chini ya miguu yake. Sehemu kubwa ya ukuta wa Ngomeni ni mwamba wenyewe uliochongwa, kisha ukaongezwa mawe juu yake. Handaki kavu linaloizunguka ngome kwa upande wa nchi kavu lilichimbwa katika mwamba huo huo. Kwa akili hiyo, shimo lililochimbwa liliuongeza urefu wa ukuta pasipo kujenga. Chokaa ilipatikana kama inavyopatikana siku zote mwambao, kwa kuyachoma matumbawe.

Waashi waliletwa kutoka India, na vibarua walikuwa watu wa mwambao huu. Kama jina la Cairati halimo ukutani, majina ya hao hayamo hata vitabuni. Lakini ujuzi wa kuchonga jiwe la matumbawe na kulipaka chokaa haukutoka Milan wala Goa. Ulikuwa wa mwambao. Miji ya Gedi, Kilwa na Mvita ilikwisha kujengwa kwa jiwe hilo miaka mamia kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana. Mwitalia alileta pembe na vipimo. Mikono ya hapa ndiyo iliyoujua mwamba.

MAHALI PAFAAPO MZINGA HAPAFAI KISIMA

Sasa tufike penye maji. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Tangu kale watu wake wameishi kwa visima na kwa mvua. Mvua ianguapo huzama katika mwamba wa matumbawe, ambao una vitundu kama sifongo, na huko chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pwani. Maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, basi hukaa juu yake kama mafuta juu ya supu. Mwenye kuchimba kisima kwa kiasi, katikati ya kisiwa, na kuteka kwa kiasi, hupata maji baridi. Mwenye kuchimba mno, au kuteka kwa pupa, au kukaa karibu sana na bahari, huvuta chumvi.

Wazee wa Mji wa Kale waliijua hesabu hiyo bila kuisoma. Ndiyo sababu kila mtaa ulikuwa na kisima chake, na misikiti ikajengwa penye visima, kila mmoja na birika lake la kutawadhia. Hata chini kwenye bandari ya kale, karibu na ngazi za Leven, mabaharia walikuwa na kisima cha kujazia mapipa yao.

Mhandisi wa ngome hakuwa na uhuru huo wa kuchagua. Mizinga hutaka mahali palipoinuka, kwenye ukingo wa bahari, panapotazama mlango wa bandari. Mwamba wa Ngomeni ni mahali pa namna hiyo hasa. Lakini mahali hapo hapo ndipo kisima hushindwa, maana ni juu mno kwa mchimbaji na karibu mno na chumvi. Bora pa mzinga, baya pa ndoo. Hapa ndipo hesabu ya pembe ilipogongana na hesabu ya maji.

Nalo halikuwa jambo dogo. Msaada kutoka Goa ulikuja kwa kaskazi, kati ya mwisho wa mwaka na Machi hivi. Upepo ukigeuka, walioko ngomeni walikuwa peke yao mpaka msimu mwingine. Adui aliyekuwa na subira hakulazimika kuuvunja ukuta. Alitosha kuwazuia walio ndani wasitoke kwenda visimani mjini, akakaa kivulini akingoja.

Ndiyo maana Wareno walijenga ndani ya ngome birika la wazi la kukusanya maji ya mvua. Birika hilo lipo mpaka leo, na mgeni aweza kuliona katika uwanja wa ndani. Lilitegemea masika na vuli, na kila tone lililoanguka ndani ya kuta lilikuwa mali. Baadaye sana, zama za Waarabu, kilichimbwa pia kisima ndani ya ngome, kikashuka futi zaidi ya 70 katika mwamba. Maji yalipatikana, lakini yalikuwa ya chumvi, yakafaa kufulia na kuoshea tu. Kisima hicho ni ushahidi kwamba tatizo lilikuwa la mahali penyewe, si la uvivu wa Mreno wala wa Mwarabu. Mwamba ni ule ule, na bahari ni ile ile.

KIFO CHA FUNDI NA MAISHA YA NGOME

Cairati alifariki Goa mwaka 1596, mwaka ule ule unaotajwa kuwa wa kumalizika kwa ujenzi wa Ngomeni. Milan hakuiona tena. Cheo chake kikachukuliwa na mhandisi mwingine, Júlio Simão, na dola ya Wareno ikaendelea na kazi zake. Yeye akabaki jina katika daftari.

Ngome yake ilikuwa na maisha marefu na ya misukosuko. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuitwaa. Wareno walipokuja kumzingira walishindwa kuingia. Kuta zilizowajengewa ziliwakataa wenyewe. Walirudi mwaka 1632 pale tu Yusuf alipokwisha kuondoka kwa hiari yake. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliifanyia ngome matengenezo, na juu ya lango akaweka jiwe lenye maandishi marefu yanayolitaja jina lake, umri wake na matendo yake. Jiwe hilo lingalipo. Basi hata aliyetengeneza ana jina lake mlangoni, na aliyeijenga hana.

Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yakaizingira. Mazingirwa hayo yalidumu miezi 33. Mizinga haikuuvunja ukuta wa Cairati. Walioua walio ndani ni maradhi na njaa. Wareno walikufa mmoja mmoja mpaka ulinzi ukawa mikononi mwa watu wa mwambao waliokuwa pamoja nao, wakiongozwa na Bwana Daudi wa Faza, ambaye naye alifia humo mwaka 1697. Mwaka huo huo manowari Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome, na mabaki yake yalichunguzwa na wapigambizi wataalamu kuanzia mwaka 1977. Desemba 1698 Waomani walipanda ukuta wakakuta watu wachache tu, wasiofika hata ishirini. Mhandisi alikuwa ameshinda kwa jiwe, akashindwa kwa yale yasiyo jiwe: chakula, dawa, maji safi na upepo wa Goa.

Baada ya hapo Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728 na kufukuzwa mwaka 1729. Mazrui wakaifanya makao yao na kuitawala Mvita kutoka humo, mpaka Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Mwaka 1875 Akida Muhammad bin Abdallah alijifungia humo akiwa ameasi, na manowari za Waingereza zikaipiga ngome kwa mizinga. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, na kwa miaka zaidi ya 60 mahali palipochorwa kuzuia watu wasiingie pakatumika kuzuia watu wasitoke. Mwaka 1958 jela ilihamishwa, na kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian kutoka Ureno ngome ikafanyiwa uchunguzi na matengenezo chini ya James Kirkman, ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, na katika maelezo yake jina la Cairati limetajwa kuwa ndilo la mchoraji. Ilimchukua miaka 415 tangu kufa kwake kupata heshima hiyo.

JINA LA MHANDISI

Siku hizi mambo ya uhandisi hayaendeshwi kwa barua ya mfalme. Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha wahandisi iliyoanza kufanya kazi mwaka 1969, na mwaka 2011 ikafuatwa na Sheria ya Wahandisi iliyounda Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Kijana akihitimu chuo kikuu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, akafanya kazi miaka kadhaa chini ya waliomtangulia, akapimwa, ndipo akaruhusiwa kujiita mhandisi mtaalamu na kuutia mhuri wake katika ramani. Wengi huuona mhuri huo kuwa ni mambo ya ada na karatasi. Maana yake ni kubwa kuliko hiyo. Jina la mtu likikaa katika ramani, jengo likianguka ajulikane wa kuulizwa, na daraja likidumu ajulikane wa kushukuriwa. Cairati alifanya kazi pasipo sheria hiyo. Kuulizwa aliulizwa na mfalme peke yake, na kushukuriwa walishukuriwa wakubwa wenye buruji zao.

Ama maji ya Mombasa, hesabu yake wamerithi wahandisi waliomfuata. Mapema katika karne ya 20 mabomba yalianza kuleta maji kutoka chemchemi za Marere katika milima ya Shimba. Katika miaka ya 1950 likalazwa bomba la Mzima, lenye urefu wa kilomita 220 hivi, likiyaleta maji kwa mteremko kutoka chemchemi zilizo katika mbuga ya Tsavo. Visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vile vya Tiwi kusini, viliongezwa baadaye. Wote walikubali jambo lile lile ambalo mwamba wa Ngomeni ulikwisha kulisema tangu mwanzo: kisiwa hiki hakiwezi kujinywesha chenyewe, ni lazima maji yavuke bahari kutoka bara.

Na bado hayatoshi. Mpaka leo mitaani Mji wa Kale mikokoteni hupita na mitungi ya maji, na akina mama huamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba limeanza kutoa sauti. Mji umekua kuliko mabomba yake. Kama yupo mwanafunzi wa uhandisi katika skuli na vyuo vyetu vya pwani anayetafuta kazi ya kuifanyia maisha yake, hii hapa haijamalizwa. Haihitaji buruji wala mizinga. Yahitaji mtu ajuaye mwamba wa matumbawe, ajuaye mvua inakwenda wapi ikianguka, na aliye tayari kuliandika jina lake chini ya ramani.